Masjala ya Mtumba

Barua huja kwangu kwanza, kabla ya kufika kwa wakubwa.
Nazigonga muhuri wa tarehe, nazipa namba,
nazifunga kwa uzi wa kijani ndani ya faili
lililoandikwa UHUSIANO, halafu jina la nchi.
Nje, upepo wa Mtumba unasukuma vumbi jekundu
hadi kwenye kingo za dirisha la wizara.

Kwenye fomu yetu hakuna kisanduku cha kabila.
Jina, kijiji, simu, hoja kwa kifupi.
Ndivyo tulivyolelewa, nami naona ni vyema.
Ila mwandiko nao una lafudhi.

Leo ni Bi Somoe Nampanda, wa Tandahimba.
Haandiki "nchi jirani". Anaandika "kwa dada".
Kwa dada kunawaka moto. Ruvuma imejaa.
Watoto wanne wamevuka, wawili hawajaonekana,
na nyinyi mnaosema redioni "tunafuatilia kwa karibu",
karibu yenu ni kilomita ngapi?
Mwisho ameandika: Nitasubiri mpaka
na karatasi ikamwishia hapo.

Pembeni nikatia kwa penseli: Haraka.
Nikafuta. Si kazi ya karani.
Nikaandika tena.

Ghorofa ya pili hotuba inapikwa.
Ntakije, mtu wa Kasulu, amekwama kwenye sentensi moja:
"Tusiseme wageni hawa wametuchosha.
Bibi yangu alizaliwa huko. Wakilia,
mimi naelewa kabla mkalimani hajafungua kinywa."
Mkurugenzi akavua miwani. "Unasema kama nani?"
Feni ikazunguka.
"Kama mtu aliyesikia."
Sentensi ikabadilishwa. Jioni ikasomwa,
na nchi nzima haikujua kwamba imesemewa na bibi wa Kasulu.

Sisemi damu ina hekima kila siku.
Ninayo barua nyingine, ndefu, ya wino mwekundu:
fungeni mpaka, wale waliiba ng'ombe wetu
enzi za babu wa babu. Nayo ina saini mia mbili.
Nayo niliipa namba.

Mimi ni Mgogo wa Handali. Chora mstari
kutoka kwetu hadi mpaka wowote, kalamu itakauka njiani.
Sina shangazi ng'ambo. Watani zangu,
Mnyamwezi, Mhehe, wote wamo humu humu ndani;
tunatukanana msibani bila pasipoti.
Nilidhani basi, sisi hatumo kwenye mafaili haya.

Ila babu Ndahani alikuwa akisimulia misafara
iliyofika Ugogo ndimi zimekauka.
Mwenye kutaka maji alitoa hongo:
kaniki, shanga, waya wa shaba.
Neno hilo halikuwa na aibu wakati huo.
Mtemi alikaa karibu na kisima chake,
akajua nani katoka wapi na bunduki ngapi,
nani apite leo,
nani akawizwe siku tatu ajifunze kusalimia.

Juma lililopita ikaja bahasha kutoka Hombolo,
ushirika wa wakulima wa zabibu.
Inaanza Mbukwenyi, kisha inajirekebisha: Ndugu Waziri.
Mvinyo wa nje unashuka bandarini kwa bei ya maji,
zetu zinaozea shambani, nzi wamelewa, sisi hatujala.
Mwambieni balozi wao. Mkimwogopa,
mleteni huku, tutamwambia wenyewe.
Chini, majina, na katikati ya majina
dole gumba la zambarau: Sechelela Chibago.
Shangazi yangu.

Nilikaa na muhuri mkononi muda mrefu.
Nikakumbuka ndoo, mkasi, vidole vyake vyenye nyufa.
Nikakumbuka pia wale wawili ambao hawajaonekana.
Nikaiweka chini ya barua ya Bi Somoe,
nikafunga uzi, nikabeba faili kwenda juu.

Kwenye ngazi niliona karatasi imeteleza kidogo,
dole gumba limechungulia pembeni.
Ningeweza kulisukuma ndani.
Nikagonga mlango.